Nia Mbili kwenye Misa Moja

Padre hufika kigangoni kwao mara moja kwa mwezi, kwa hiyo Jumapili ile karatasi za nia zilikuwa nyingi. Katekista Juvenali alivaa miwani yake, ile iliyofungwa uzi upande mmoja, akaanza kuzisoma. Marehemu wa ukoo fulani. Mgonjwa aliyelazwa Rulenge. Mvua isikatike kabla mahindi hayajabeba.

"Adelfina anaomba askari wetu walioko Kongo warudishwe nyumbani upesi, akiwemo mjukuu wake Danstan."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," watu wakaitikia.

Juvenali akachukua karatasi iliyofuata, akaipitia kwanza kimya, akakohoa. "Kankindi anaomba askari wetu walioko Kongo wasiondoke, wakae wawalinde raia, akiwemo binti yake Iradukunda na watoto wake watatu."

Nyuma huko mtu aliguna. Kisha, kwa kuwa desturi ni desturi, kanisa zima likaitikia kwa sauti ileile. Adelfina naye aliitikia, mdomo ukautangulia moyo. Kankindi alikuwa kwenye benchi hilohilo, kushoto kwake, magoti yao yanagusana.

Karatasi zote mbili zilichanwa kwenye daftari moja siku walipokuwa wanapura maharage uani kwa Adelfina. Kila mmoja alidhani mwenzake anawaandikia marehemu wake.

Walirudi pamoja, maana njia ni moja na migomba yao imepakana. Walipofika kwenye kijito wakavua viatu vya kanisani.

"Mama Magdalena," Kankindi alisema, "leo umenishtaki kwa Mungu."

"Na wewe ukakata rufaa palepale, hata hukumu haijatoka."

Wakacheka kidogo. Maji yalikuwa ya baridi.

"Nyumba ya jirani ikishika moto," Kankindi alisema, "unakaa kuulizia mpaka wa shamba?"

"Unapeleka maji. Hupeleki mjukuu."

"Mwaka wa sabini na mbili, kwetu Burundi, nilikuwa na miaka saba. Nimelala ndani ya mtama siku mbili, kaka yangu kaniziba mdomo kwa kiganja. Tulikuwa tunasikiliza kama kuna mtu anakuja, jeshi la nchi yoyote ile. Hakuja mtu. Sasa mwanangu yuko Goma, anauza mkaa na ndizi, waasi wameuzunguka mji, na wewe unamwomba Mungu awaondoe waliokuja."

Adelfina alifuta miguu kwa ncha ya kitenge. "Amin alipoingia kwetu, Modestus alikwenda kumtoa, sikulia. Alikuwa mume wangu, na nchi ilikuwa yetu. Walipovuka kumfuata huko kwake ndipo Modestus alipobaki. Wakaniletea mkanda wake. Watu wa Uganda walishangilia, nimesikia, na walikuwa na haki. Mimi nilikuwa na Magdalena mgongoni. Sasa Magdalena hayupo, amebaki Danstan."

"Basi tumeshindwana."

"Tumeshindwana. Kesho tunamalizia maharage ya kwako."

Wiki hiyohiyo mji ukaanguka. Redio ilisema askari wamebaki kambini mwao na uwanja wa ndege umefungwa. Namba ya Danstan ikawa haipatikani. Adelfina aliipiga asubuhi kabla ya kuwasha moto, akaipiga tena akisha kutwanga, akisimama juu ya kichuguu nyuma ya choo ambapo mtandao hushika. Alikuwa anamjua yule mwanamke wa kwenye simu, anayesema haipatikani, kama mtu wa ukoo. Siku moja alimwitikia: "Haya, mama, asante."

Siku ya tisa Kankindi alikuja anakimbia, simu ameibana sikioni, mkono mmoja bado una unga.

"Ni Ira. Yuko hai. Anasema kambi ya askari wetu anaiona, iko ng'ambo ya barabara."

"Mpe shikamoo yangu," Adelfina alisema, akili imemruka, kumbe ndiye aliyepaswa kuamkiwa. Kankindi akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, mama," sauti ilisema kwa mbali.

"Marahaba, mwanangu. Hao askari wanawalinda?"

"Watatulindaje, mama? Wamefungiwa kama sisi. Hawatoki. Wananunua ndizi kwetu kupitia kwenye seng'enge."

Adelfina alitazama unga kwenye mkono wa Kankindi. Alikuwa na ombi, na ombi lenyewe lilimpa aibu. "Ungeweza kumuulizia mmoja? Anaitwa Danstan. Ana kovu kwenye nyusi, alidondoka kwenye mparachichi."

"Nitaenda, mama."

Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alifukuzwa na wenye bunduki. Mara ya pili alipata askari asiyemjua Danstan. Mara ya tatu alipiga simu jioni: amemwona, amekonda, anasema bibi asimuuze yule mbuzi. Adelfina akakaa chini palepale kichuguuni. Mbuzi alikuwa ameshauzwa tangu Noeli.

Siku hiyo alipeleka kwa Kankindi mkungu mzima wa ndizi. Kankindi aliupokea, akauweka chini, wala hawakuzungumzia vita.

Mvua za masika zilikaribia kwisha zilipokuja habari kwamba askari wanarudishwa, kwa barabara, kupitia Rwanda. Danstan mwenyewe alipiga. "Shikamoo, bibi. Tukishavuka daraja la Rusumo tutapita Kasulo. Lakini hatusimami."

Adelfina alichoma ndizi, akazifunga kwenye majani, ingawa alisikia vizuri kwamba hawasimami. Alipotoka akamkuta Kankindi njiani, amevaa kitenge cha safari.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nikusindikize. Utasimama peke yako barabarani kama mchuuzi?"

Walisimama Kasulo tangu saa tatu. Malori yalikuja mchana, yamefunikwa maturubai, moja nyuma ya jingine, yanarusha kokoto. Adelfina aliinua kifurushi juu kila lilipopita moja. Katika mojawapo turubai lilikuwa limefunguliwa nyuma, vijana wamekaa wanatazama chini, na mkono mmoja ukapunga. Huenda ulikuwa wake. Huenda ulikuwa wa mjukuu wa mtu mwingine. Aliupungia.

Kankindi hakupunga. Alikuwa anatazama upande malori yanakotoka, hata lori la mwisho lilipokwisha kupita na vumbi likatulia.

"Ndiyo yote?" aliuliza.

"Nadhani ndiyo yote."

"Basi huko hakuna aliyebaki."

Adelfina alifungua majani, akamkatia nusu ya ndizi. Wakala wamesimama. Ombi lake lilikuwa limejibiwa, na alikuwa amesimama bega kwa bega na mtu aliyelipia jibu hilo.

Danstan alifika nyumbani baada ya wiki mbili, mzima, ila usiku halali vizuri. Aliuliza habari za yule dada wa ndizi. Kankindi alikuwa akipanda kichuguu cha Adelfina kila asubuhi kumpigia Ira, na yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa akimjibu maneno yaleyale.

Padre alipokaribia kuja tena, Adelfina alikwenda kwa Juvenali. Katekista alishachukua kalamu.

"Shukrani, bila shaka," alisema. "Kwa kurudi kwa Danstan."

"Kwa hilo nitamshukuru Mungu mimi mwenyewe nyumbani. Andika Iradukunda na watoto wake watatu."

Juvenali akaandika. "Waombewe nini?"

Adelfina alifikiri. Warudi? Barabara imefungwa. Walindwe? Na nani? Askari wengine wapelekwe? Mjukuu wa bibi gani? Alitazama kidole cha Juvenali kikisubiri juu ya mstari, chenye wino kwenye ukucha.

"Acha hapo," alisema. "Soma majina tu."