Mashauri ya Baba Keren

Kaseti ilifika Butembo ndani ya kiatu kipya cha Ananie, kwa sababu askari wa bariera za barabara ya Kasindi walipenda muziki, na kaseti yoyote waliyoiona ilibaki nao. Ananie alikuwa mfanyabiashara wa Beni, mtu wa kwenda Kampala na kurudi, vita iwepo isiwepo. Aliitoa kaseti taratibu kama anayetoa yai chini ya kuku, akamkabidhi Rébecca.

"Mama Keren, ni sauti ya bwana yako. Na makaratasi yenu imetoka. Weye na mutoto munangojewa Kampala juma iyi inakuya. Nitabapeleka mimi mwenyewe mpaka kule."

Rébecca alitaka kucheka, akajikuta ameketi chini, mchangani, mbele ya mlango.

Mume wake, Siméon, alikuwa mwalimu kule Alimbongo. Vita vya pili vilipoanza, Mai-Mai, wapiganaji wa porini, walifika shuleni kutaka wavulana wakubwa, naye akawakatalia. Haukupita muda wakaja askari kuuliza kwa nini Mai-Mai wanamtembelea. Alipoona kwamba kila jibu atakalotoa lina watu wa kumwua, alipita porini hadi Uganda, na kutoka kambi ya wakimbizi akapelekwa Kanada. Alimwacha Keren ananyonya. Sasa Keren aliruka kamba na kujibu watu wazima. Miaka hiyo yote Rébecca aliishi Butembo na mama mkwe wake, Koko Vagheni, akilima maharagwe Musienene kila barabara iliporuhusu.

Jioni ile walifunga mlango, wakatia betri mpya kwenye radio. Koko alivaa kitenge chake cha kanisani na kujifunga kilemba, akaketi karibu kabisa na radio, mikono juu ya magoti. Ndipo sauti ya Siméon ikatoka, ya juu na ya haraka, kama mtu anayesoma matangazo baada ya ibada.

"Mama Keren, sikiliza muzuri. Kwenye avion, mu ndege, makaratasi na kadi ya chanjo inabaki mu mukono, si mu valizi ya nguo. Mutu akikuomba umubebee mufuko, kataa, ata kama ni mama muzee. Usilete nyama, usilete samaki ya kukausha, usilete unga. Polisi wa mupaka akiuliza, jibu ile ameuliza, usiongeze. Huku batu habasalimianake mu njia. Mutoto hapigwake mbele ya batu. Robine ya rangi nyekundu ni maji ya moto, itakuunguza. Uchafu inatengwa, karatasi fasi yake, chupa fasi yake. Wakati ya baridi giza inaingia mapema, usiogope. Na kitu ya maana, huku kila mutu na ufunguo yake. Usisahau ile. Kila mutu na ufunguo yake."

Kukasikika mlio mdogo, halafu kwaya ikaanza kuimba. Kumbe alikuwa amerekodi juu ya kaseti ya zamani ya kanisa, ile aliyotoroka nayo mfukoni.

Koko hakusogea. "Amemaliza?"

"Amemaliza, mama."

"Hakunisalimia?"

Rébecca alitazama radio, kama itamsaidia. "Amekusalimia ku upande ingine," akasema, na papo hapo akajuta, maana Koko alinyoosha mkono akageuza kaseti yeye mwenyewe. Walisikiliza upande wa pili wote. Ulikuwa ni kwaya mwanzo hadi mwisho. Koko alisikiliza hadi kitufe cha radio kiliporuka, akasema wimbo wa tatu ulikuwa mzuri, akaenda kulala na kilemba chake kichwani.

Rébecca alibaki na mambo mawili yanamzunguka. La kwanza, mtu gani anavuka dunia nzima halafu anamsahau mama yake? La pili, ufunguo. Katika maisha yake alikuwa anajua nyumba moja yenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo unakaa chini ya jiwe. Mume ana ufunguo wake, mke ana wake: maana yake ni nini kama siyo nyumba mbili? Na kama ni nyumba mbili, ile nyingine ina nani ndani?

Kesho yake habari ilikuwa imeenea mtaa mzima, na kila mtu alikuja na shauri lake. Mchungaji alimwambia auze hata sufuria, aende mikono mitupu kama mitume. Jirani wa kushoto alisema asiuze kitu, Kanada sufuria ni za bati laini. Jirani wa kulia alikuwa amesikia kwamba baridi ya kule inakata masikio, watu wanayaokota asubuhi. Mama mmoja wa soko la Kirumba, aliyekuja kumuaga, alimshauri apake mafuta ya mawese mwili mzima kabla ya kushuka ndegeni. Rébecca aliwasikiliza wote na kuwashukuru. Aliuza sufuria mbili, akazijutia, akaenda kununua moja tena.

Siku ya safari walipanda gari ya Ananie wote watatu. Koko alikuwa ameamua kuwasindikiza hadi Beni, ambako binti yake aliolewa, na baada ya hapo abaki huko. Hakuna aliyemuomba wala kumkatalia. Pale Maboya gari ilikwama nyuma ya Fuso zilizozama kwenye matope. Na kila bariera walishuka, wakaonyesha karatasi, wakapanda tena. Bariera moja waliambiwa karatasi ya Butembo haifai kitu. Iliyofuata waliambiwa hiyo ndiyo inayofaa peke yake. Keren alitapika juu ya kitenge cha Koko.

Beni ilikuwa imejaa askari wa serikali ya waasi na askari wa Uganda, na ofisi ambazo hakuna aliyejua zitakuwa za nani mwezi ujao. Katika moja ya ofisi hizo Rébecca alipata karatasi ya kuvukia mpaka. Ilikuwa na muhuri wa jamhuri, lakini jamhuri ipi hakuelewa. Karani alimweleza kwamba Kinshasa hawezi kwenda na karatasi ile. Kinshasa kwanza ni mbali, ni rahisi kufika Kanada.

Ananie alimpeleka kwa Mama Débora, mwanamke aliyeishi Ubelgiji miaka mingi kabla ya kurudi kuzika wazazi wake na kukamatwa na vita. Huyu, alisema, ndiye anayejua. Mama Débora aliwapa chai ya maziwa, akasikiliza kaseti yote huku anatikisa kichwa.

"Habasalimianake? Nani alimudanganya? Usiposalimia mu escalier, ku ngazi, banasema uko na kiburi. Salimia! Na unga, lete, nani atafungua valizi yako? Miye nilibebaka ata majani ya sombe."

"Na ile ya polisi?"

"Ile ni kweli. Jibu kidogo."

"Na ufunguo?" Rébecca aliuliza taratibu, asisikike na Koko aliyekaa barazani. "Kila mutu na ufunguo yake. Ni kusema nini, mama?"

Mama Débora aliweka kikombe chini. Aliongeza sukari, akakoroga, akaongeza tena.

"Inaweza kuwa mulango tu," alisema mwishowe. "Lakini, kule batu banabadilika pia, binti yangu. Niliona mabwana bengi. Siwezi kukuambia ni vile, na siwezi kukuambia si vile."

Rébecca alitoka pale akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Barabarani alimsalimia kila aliyekutana naye, halafu akakumbuka, akaacha, halafu akaona aibu, akarudia kusalimia. Walipofika nyumbani kwa Ananie alisimama uani akasema:

"Mimi siendi."

Ananie, aliyekuwa anapakia gari, alimtazama. "Unasema nini?"

"Siendi kwa mutu sijue. Mutu anasahau mama yake, mimi ataniweka wapi?"

Ananie hakubishana. Alikuwa na simu ya satelaiti ya biashara, yenye antena nene kama kidole gumba, aliyoitoa kwenye kabati mara chache sana. Aliipeleka katikati ya uani, mahali ambapo kipande chembamba cha mbingu hakikuzibwa na mikaratusi, akaizungusha hata ikashika, akapiga.

Rébecca alikuwa amezoea phonie ya misheni tu, ile redio ya kuongea na watu wa Bunia, ambayo mmoja akimaliza lazima ampe mwenzake zamu kwa kusema "À toi!"

"Allô? Mama Keren?" Sauti ilikuwa karibu, kama iko nyuma ya ukuta.

"Nakusikia. À toi!"

"Mama Keren, iyi haiko phonie. Sema tu."

"Sawa. À toi!"

Alimsikia akicheka. Kicheko kile alikijua. Hakikuwa kimebadilika hata kidogo, na hilo lilimchanganya zaidi.

"Baba Keren, ufunguo ni nini?"

"Ufunguo gani?"

"Ulisema kila mutu na ufunguo yake. Ulisema mara mbili!"

"Eh, ni ya mulango! Mulango ya huku ukitoka inajifunga yenyewe. Siku moja nilitoka kutupa uchafu, nikafungiwa inje, na kaptula, mu baridi. Sikujua ata jirani mumoja wa kugongea. Nikasema Mama Keren asipate ile."

"Kwa hiyo ni nyumba moja?"

"Nyumba moja? Ni chumba kimoja! Kitanda inagusa meza."

Rébecca alivuta pumzi. Lakini la kwanza lilikuwa bado linamsumbua. "Na mama yako? Juu ya nini haukumusalimia? Alivaa kilemba juu ya kukusikia."

Rébecca alidhani simu imekatika. Akamtazama Ananie, Ananie akaonyesha kwa mkono kwamba bado.

"Nilimusalimia," Siméon akasema. "Kila saa nikifika ku jina yake, sauti inakatika, nalia. Nafuta, naanza tena. Mwisho nikachukua ile karatasi banapatiaka bageni, nikabasomea ile tu. Na yenyewe sikuielewa yote. Mama Keren, miye huku niko tu sawa mutoto. Ninashuka bus fasi si yenyewe, ninatembea, nyumba zote ni moja. Ninapotea. Mukuye tu, tupotee pamoja."

Rébecca aliona Koko amesimama mlangoni, akampelekea simu. Koko aliishika juu chini, Ananie akaigeuza.

"Mama?" simu ikasema.

Koko aliangalia huku na huku, kisha akaelekeza maneno yake juu, upande wa antena. "Siméon. Unakulaka?"

"Ninakula, mama."

"Nini?"

"Viazi, mama."

"Ya Musienene?"

"Hapana. Ya huku."

"Iko tamu?"

"Hapana, mama."

Koko aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo alilohitaji kuthibitisha. Alifungua mdomo aongeze neno, simu ikakatika, na Ananie alipojaribu tena haikushika. Koko aliendelea kuishikilia kifuani. Alipoirudisha, alimwambia Rébecca kwa upole:

"Ile siku, nilijua ku upande ingine hakuna kitu. Nilinyamaza juu usisikie haya."

Asubuhi walimuacha Koko kwa binti yake. Hakulia, alikuwa na kazi ya kumfunga Keren vifungo vya koti, akimaliza anavifungua, anaanza upya, hata Ananie akapiga honi. Rébecca alimkumbatia, akaanza kuahidi kwamba watamtafutia makaratasi na yeye, akaona hajui kama ni kweli, akamkazia kilemba badala yake. Koko akampiga piga mgongoni kama anayembembeleza mtoto alale.

Walishuka bonde la Semuliki, wakapita mbuga, milima ya Ruwenzori ikiwa imefunikwa mawingu kushoto kwao. Kasindi palikuwa na malori, vumbi na mbuzi. Rébecca alijiandaa kwa nchi ya kigeni: alikaza karatasi mkononi, akamshika Keren, akatazama mbele. Lakini askari wa upande huu walivaa sare ileile ya askari wa upande ule. Maji ya mto wa mpakani yalikuwa maji ya kahawia kama ya kila mto. Ofisa wa ng'ambo, kijana mnene mwenye kalamu sikioni, alimsalimia, "Wabukire," na Rébecca akaitikia, "Wavukire," kama anavyomwitikia jirani yake. Kikonzo cha ofisa na Kinande cha Rébecca vilipishana herufi moja tu.

"Mama, ni Kanada?" Keren aliuliza.

"Hapana."

"Ni Kongo?"

"Sijue, mama. Uliza Ananie."

Muhuri ukagongwa. Walipanda gari tena, na Rébecca akaanza kufikiri kwamba labda watu walimtisha bure, labda ugeni wote ni kama huu, daraja fupi na mtu anayekusalimia kwa lugha ya mama yako. Ananie akawasha gari, akatoka uwanja wa forodha, akaivusha moja kwa moja hadi upande wa kushoto wa barabara na kuendelea mbio huko huko.

"Ananie!" Rébecca alipiga kelele. "Unaenda kutuua! Rudi upande yako!"

"Upande yangu ni hii. Huku ni kushoto."

Lori likatokea kwenye kona, kubwa, taa zinawaka mchana, likawapita upande wa kulia kwa upepo uliotikisa vioo. Rébecca alifumba macho. Keren alicheka hadi akapata kwikwi, akaomba lije lingine. Na hivyo ndivyo walivyokwenda hadi Kasese, mtoto akishangilia kila gari, mama amekanyaga sakafu kwa miguu yote miwili kama mwenye breki, akingojea kila kona aone lori linakuja upande gani.