Msitu wa Ndani ya Televisheni

Mwaka ule askari walilala katika madarasa yetu, kwa hiyo mimi, Nestor, mwalimu wa darasa la sita, sikuwa na kazi. Mama Kahambu akanipa moja. Yeye ni mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka pale Lushebere, na alikuwa ameleta televisheni, jenereta na mfuko mzima wa diski. Kila Jumapili baada ya misa, aliyenunua chai na mandazi aliruhusiwa kukaa na kutazama. Diski zilikuwa za Kifaransa. Nilisimama kando ya televisheni nikitafsiri.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Wazungu kumi na wawili wanapelekwa msituni, wanaachwa huko siku arobaini bila chakula, na kila baada ya siku chache wanapiga kura kumfukuza mmoja wao. Anayebaki mwisho anapewa zawadi. Niliwaeleza watu kwamba hii si filamu, hakuna mwigizaji hapa, yote ni kweli. Mwanaume mmoja alipolia kwa sababu amepewa funza wa mchikichi ale, mzee mmoja aliyekaa nyuma aliuliza wale funza wanapatikana wapi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipokuja Mama Anastasie. Alikuwa mkulima wa maharagi wa Nyabiondo, sasa anakaa katika kambi ya wakimbizi hapo jirani. Vita vilikuwa vimemkimbiza mara mbili mpaka misitu ya Walikale, na mara ya pili alikaa huko miezi minne, yeye, watoto watano na mbuzi. Alikaa sakafuni karibu na mlango, akanywa chai yake taratibu. Kisha akaniita.

"Mwalimu, huyu mwenye kubeba kamera, yeye anakula wapi?"

"Sijui, Mama."

"Na hizi kuni, njo kuni za wapi? Mvua imenyesha jana, umesema wewe mwenyewe. Angalia namna zinawaka!"

Watu wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anakagua, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Siku ya kumi na tisa, na makucha iko safi. Na juu ya nini wanapiga kelele hivi? Wanaita nani? Muntu akiwa musituni ananyamaza."

Mara wakapiga kura, wakamfukuza kijana aliyejua kuwasha moto. Mama Anastasie akashika kiuno. "Hawa hawajawahi kusikia njaa hata siku moja. Unafukuza muntu wa moto?"

Duka zima lilikuwa linacheka sasa, na hakuna aliyesikiliza tafsiri yangu. Mama Kahambu akazima jenereta.

"Mama, unaniharibia. Mimi hapa siuzi ukweli, ninauza chai. Toka, tafadhali."

Alitoka bila ugomvi. Jumapili iliyofuata niliwatafsiria watu wanne, na mmoja wao alikuwa amesinzia. Wengine wote walikuwa kambini, mbele ya kibanda cha Mama Anastasie. Alikuwa anamenya mihogo huku akiwasimulia jinsi mbuzi wake alivyotaka kulia wakati watu wenye bunduki wanapita njiani, naye akamfunga mdomo kwa kitenge na kumkumbatia mpaka wakapita.

"Alininunia wiki mbili," akasema. "Hata kuniangalia alikataa."

Mama Kahambu alikwenda huko yeye mwenyewe, na kitenge chake cha misa, akiruka matope.

"Dada, rudi. Sema yote unayotaka."

"Nitakaa chini tena?"

"Nitakupa kiti."

"Chenye mugongo?"

"Chenye mgongo, na chai bure."

Hivyo alirudi, na duka likajaa mpaka madirishani, askari nao wakichungulia. Mimi nilitafsiri, yeye akasahihisha. Kulikuwa na mwanasheria mmoja mle msituni, mwenye tabasamu kubwa, ambaye aliwaambia wote kwamba ni ndugu zake, kisha usiku akapanga nani afukuzwe. Tulimchukia kwa furaha kubwa. Na kulikuwa na mwanamke mmoja mnene, muuza mikate, ambaye siku moja alikaa juu ya jiwe akalia, akisema amewakumbuka watoto wake. Sote tukageuka kumtazama Mama Anastasie, tukingoja acheke.

Aliweka kikombe chini. "Huyu mumuache. Huyu analia kweli."

"Umejuaje, Mama?"

"Anayelia sababu ya kamera anapanguza macho. Huyu makamasi imeshuka mpaka mdomoni, na hajui."

Kuanzia hapo muuza mikate alikuwa wake. Mwanasheria alipowashawishi wenzake wamfukuze, Mama Anastasie aliruka kutoka kwenye kiti na kuitolea televisheni ngumi. "Wajinga! Amewapikia siku ishirini!"

"Lakini Mama," nikasema, "si ulisema ni uongo?"

"Musitu njo uongo, Mwalimu. Wivu iko ya kweli. Hata kambini tuko nayo."

Diski ya mwisho hatukuiona pamoja. Jumatano mapigano yalisogea, tukafunga mizigo, tukashuka kuelekea Sake, kila mtu na godoro lake kichwani. Mama Kahambu alitupita akiwa juu ya lori, amekumbatia televisheni. Mama Anastasie akakimbia kando ya gurudumu, akimvuta mbuzi.

"Mama Kahambu! Ile ya mwisho uliiona peke yako, najua! Nani alishinda?"

Mama Kahambu aliangalia pembeni. Lori likapunguza mwendo kwenye matope, hakuwa na pa kukimbilia.

"Mwanasheria!"

Kilio kilichotoka barabarani asubuhi ile sijawahi kusikia mfano wake. Askari wa kizuizi cha karibu walisimama na bunduki zao, na kamanda wao akanijia mbio.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, chefu," nikamwambia. "Ni televisheni. Ule mchezo wa msituni. Ameshinda mwanasheria."

Akashusha bunduki yake.

"Yule muongo?" akasema. Akavua kofia, akakaa juu ya jiwe, na mkono wake ukatuashiria tupite.