Dakika Tano za Fizikia

Tangu bintiye aende shule ya bweni, mama mmoja fundi cherehani aliendelea kufunga kazi saa kumi na moja jioni kama zamani. Anafagia vipande vya vitambaa, anafunika cherehani, kisha anabaki ameduwaa mbele ya meza tupu. Saa hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kazi za nyumbani.

Kwa miaka miwili binti alikuwa akitandaza madaftari yake juu ya meza ileile ya kukatia nguo, na mama, ambaye mwenyewe aliishia darasa la saba, akimchokoza: "Haya Mwalimu, leo mmesoma nini?" Binti aeleze, mama asielewe, binti aeleze upya. Walipofika kwenye somo la mwanga walichomeka pini za kushonea kwenye kadibodi, wakaweka kipande cha kioo kinene katikati. Mama alipochungulia kupitia kioo akaona pini kama zimehama kutoka zilipokuwa. Alibishana na kile kioo mpaka chakula kikaungua jikoni.

Sasa nyumba ilikuwa kimya. Kila Jumapili binti alipewa simu ya matroni kwa dakika tano, na zote ziliishia kwenye umekula, umelala, sabuni bado ipo. Simu ikikatwa, mama alibaki na njaa asiyojua kuielezea. Alimtamani mtoto, ndiyo, lakini alitamani pia kujua wamefikia wapi.

Basi akaazima kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu kwa jirani, akawa anajibu maswali ya mwisho wa kila sura nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mteja mmoja alikuta kiuno chake kimeandikwa karibu na mwendokasi wa lori, akauliza kama gauni lake litafungwa breki.

Siku ya wazazi ilipofika, daftari lilikuwemo mkobani. Walikaa kwenye benchi nje ya maabara. Binti alikuwa amekonda, na maneno yake yalitoka kwa kuhesabu. Mama alipolitoa daftari, binti alitupa jicho kwa wenzake waliokaa karibu, akalifunika kwa kiganja.

Mama aliona. Akalirudisha mkobani, akisema ni upuuzi tu wa mtu asiye na wa kuzungumza naye jioni.

Wenzake walipoondoka, binti akaliomba mwenyewe. Akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha polepole, alama ya vema penye sahihi na ya mkasi penye kosa, kama walimu wafanyavyo. Kati ya maswali kumi mama alipata matano. Kwenye swali la saba kalamu ikasimama.

"Hili umelipataje, mama?"

Mama akamweleza, akichora hewani kwa kidole. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa, akasema amefeli majaribio mawili. Darasani wako hamsini. Mwalimu anaandika ubaoni, wao wananakili, kengele inalia.

"Nyumbani nilikuwa naelewa kwa sababu wewe ulikuwa huelewi," akasema. "Hapa hakuna wa kuniuliza kwa nini."

Mama akamshika mkono wenye wino, wakakaa hivyo mpaka wageni wakaambiwa muda umekwisha.

Jumapili iliyofuata salamu ilikuwa moja tu. Binti akaanza moja kwa moja: kwa nini nguo mbichi hukauka hata siku isiyo na jua. Mama akauliza kwa nini. Binti akaeleza habari za chembe za maji, zenye kasi zaidi hutoroka kwanza. Mama akauliza, sasa kwa nini zinazobaki zinapoa. Ile sauti ya zamani ikarudi, ya haraka, yenye kukosa subira kidogo. "Subiri mama, hapo ndipo patamu. Zile zilizotoroka..."

Dakika tano zikaisha, matroni akachukua simu yake.

Mama alibaki na simu sikioni. Jumapili nyingine ilikuwa mbali, siku saba nzima. Akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika swali lake, na chini yake akaacha nafasi kubwa.