Mwanga Chini ya Kitenge

Mimi nikitaka kujua kitu sinyamazi, hata kanisani. Kwa hiyo Frida, binti wa kaka yangu, alipokuja kijijini kwetu Kirushya kutoka chuoni na kichupa cha dawa na tochi ya zambarau kama ile ya kukagulia noti bandia, niliacha kupalilia migomba nikamfuata hadi chemchemini. Chemchemi iko shambani kwangu. Marehemu mume wangu ndiye aliyeijengea, na majirani wote wa mteremkoni wanakunywa hapo.

"Shangazi, dawa hii inang'aa ikimulikwa," alisema. "Ikikutana na shaba ndani ya maji, inazimika."

"Shaba itoke wapi huku?"

"Ndiyo tunaangalia."

Mdomo wa chupa yake ya kupimia ulikuwa mwembamba, na bomba la chemchemi hurusha maji ovyo. Akachukua kikombe kinachoning'inia pale kwa ajili ya wapita njia, akakinga maji, akayamimina chupani. Tukajifunika kitenge changu kuzuia jua. Akatia matone, akawasha tochi.

Giza tupu. Akaongeza matone, akatikisa, akamulika tena. Giza.

"Itabidi niiambie kamati ya maji waifunge," alisema kwa sauti ndogo.

Nilipandwa na hasira. Kufunga chemchemi ya mume wangu kwa sababu ya matone? Nikamwambia dawa yake imeoza. Alichukua chupa ya maji ya kunywa aliyotoka nayo mjini Biharamulo, akayatia matone yaleyale. Chini ya kitenge chupa ikawaka kijani, kama jani changa la mgomba lililopigwa na jua. Sijawahi kuona maji mazuri hivyo, na hasira ikanitoka nusu.

"Hayo yametoka chupani moja kwa moja," nilisema. "Yetu yamepita wapi?"

Tukakitazama kikombe, kisha tukatazamana.

Frida aliisuuza chupa, akaibana kwenye bomba mpaka sote tukalowa. Tukajifunika tena. Ikawaka. Nilicheka kwa furaha, halafu nikakigeuza kikombe. Kilikuwa kopo la plastiki lililokatwa, na kwenye mikunjo ya chini palikuwa na unga wa bluu. Kila mwenye kahawa anaujua mrututu, dawa ya shaba ya kupulizia mikahawa.

Kikombe kile alikitundika mzee Evaristi baada ya kumzika mkewe, Generoza, aliyezoea kupumzika pale akitoka kuokota kuni. Na mzee mwenyewe ndiye huyo aliyekuwa anashuka na dumu lake.

"Shikamoo baba," tulisema.

"Marahaba. Mnafanya nini na hicho kitenge?"

Frida alimweleza taratibu. Mzee akataka kuona. Aliinama chini ya kitenge, akaoneshwa maji ya bomba yaking'aa, kisha ya kikombe chake yakizimika. Alitoka, akakishika kikombe.

"Nilikiosha kabla ya kukitundika," alisema. "Na kila jioni nakunywa mimi kwanza, ili watu wasikiogope."

Frida akamwahidi kumpeleka zahanati kesho yake. Mimi nikakimbilia nyumbani, nikarudi na kata ya kibuyu aliyokuwa akinywea mume wangu.

"Tundika wewe, baba," nilimwambia.

"Ipimeni kwanza."

Tukakinga maji kwa kata, tukayatia chupani, tukajifunika wote watatu. Chupa ilipowaka, niliona uso wa mzee umelowa machozi. Akatoka, akalifungua kopo lake kambani, akaifunga kata kwenye kamba ileile.