Amplifaya ya Mwalimu Marietha

Mwalimu Marietha alizishika hedifoni kwa mikono yote miwili, akazikandamiza masikioni kama mtu anayeziba ufa wa mtungi unaovuja. Macho aliyafumba. Kutoka mbali, kana kwamba ni ng'ambo ya ziwa, Bi Siti wa Sigino alikuwa akisimulia jinsi alivyoposwa, na kila neno lilifika likiwa limechoka njiani. Marietha alipandisha sauti ya kompyuta hadi mwisho. Bado Bi Siti alinong'ona.

Tangu astaafu ualimu, Marietha alikuwa akisaidia kuandaa kamusi ya Kigorowa, lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Wazee walirekodiwa, naye akaketi nyumbani kwake Singe akiandika walichosema, neno kwa neno. Ilikuwa kazi ya sikio kuliko ya kalamu. Kigorowa kina sauti zinazotoka chini kabisa kooni, na mwandishi asipozinasa, neno moja huvaa nguo za jingine na maana ikapotea. Hedifoni zake za zamani zilipokatika waya, bintiye Clara alimletea hizi kutoka Arusha, zilizouzwa na studio moja iliyokuwa ikifungwa. Zilikuwa nzito, zenye mito laini kama shavu la mtoto.

"Mama, hizi ni za mabingwa," Clara alisema kabla ya kurudi zake Arusha.

Kwa hiyo Marietha alipozivaa na kusikia minong'ono, hakuzishuku hata kidogo. Alijishuku mwenyewe.

Alimkumbuka baba yake. Mzee yule alipoanza kupoteza usikivu, watu walimpazia sauti kwa muda, kisha wakachoka. Mwishowe walizungumza habari zake mbele ya macho yake, kama watu wanaojadili kabati la kuhamishwa, naye akiwatazama midomo na kutabasamu mahali pasipostahili tabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomtisha Marietha kuliko kifo.

Hofu ni mpelelezi hodari. Ikitaka ushahidi, haiukosi. Jumapili sehemu ya mahubiri ilimpita. Sokoni alimwomba muuza nyanya arudie bei. Mambo hayo yalikuwa yakimtokea miaka yote, kama yanavyomtokea kila mwenye masikio, lakini sasa aliyaweka akiba moja moja. Akaanza kuitikia kwa kichwa. Aliona afadhali kuitikia kuliko kuuliza, kwa maana anayeuliza sana hujitangaza. Na kazi ya kamusi akaanza kuipangia namna ya kuiaga.

Mumewe, Eustace, alikuwa mkulima wa mbaazi mwenye sauti ya chini, mtu wa kusema jambo mara moja. Mchana mmoja, wakiwa mezani, aliweka kijiko chini.

"Mama Clara, nimekuambia ng'ombe wa jirani wameingia shambani wakala mbaazi zetu zote za upande wa barabarani. Unajua umenijibu nini?"

Marietha aliitikia kwa kichwa.

"Umesema, 'Vizuri, Mungu ashukuriwe.'"

Angeweza kucheka. Badala yake machozi yalimtoka, akamweleza yote: hedifoni, baba yake, kamusi anayotaka kuiacha kabla haijamwacha yeye. Eustace alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akainuka, akanawa mikono, akaenda kwenye meza ya kazi na kuzivaa hedifoni.

Alisikiliza kwa muda mrefu, uso umekunjamana.

"Huyu bibi mmemfungia kwenye ghala?" aliuliza hatimaye. "Mimi sisikii kitu."

"Husikii?"

"Nasikia mbu. Labda ndiye yeye." Alizivua, akazipima uzito mkononi. "Ama tumekuwa viziwi wote wawili siku moja, ama hiki chombo kina njaa. Twende mjini."

Feisal alikuwa na duka la vifaa vya sauti karibu na soko, na sifa yake kubwa ilikuwa spika za harusi. Alimwamkia Marietha kwa shikamoo, akawavutia viti, akazigeuza hedifoni huku na huku mpaka alipoona maandishi madogo ndani ya utepe wa kichwani.

"Mwalimu, hizi zina ukinzani mkubwa," alisema. "Ni kama tangi lililowekwa juu sana. Pampu ya kompyuta yako ni ndogo, maji hayafiki. Zinataka amplifaya yake." Akasita kidogo. "Lakini nikwambie ukweli, za aina hii nimeziuza mara chache. Itabidi tujaribu."

Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa boksi zito la chuma, lenye kirungu kikubwa kinachong'aa cha kuongezea sauti, la kuchomekwa kwenye umeme. Ya pili ilitosha kiganjani. Ilikuwa na betri yake ndani, na Feisal aliitaja kama anayetaja mtoto aliyefeli katika familia ya wasomi.

Wakaanza na kubwa, wakaiunganisha na kompyuta ya Marietha waliyokuja nayo. Marietha aliivaa sauti ya Bi Siti, na Bi Siti akaingia kama mgeni aliyepiga mlango teke. Marietha aliruka kitini. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba jeneza alilolifuata halikuwa na maiti. Alikuwa anasikia! Kila kitu kilisikika: kikohozi, kuku wa uani, kiti kilicholia. Eustace alipopewa zamu aliinua kidole gumba juu bila kufumbua macho.

"Hiyo ndiyo yenyewe," Feisal alisema, tayari akitafuta katoni.

Marietha angeweza kuondoka hapo na furaha yake. Alikwisha kupata alichokijia, na zaidi ya alichokijia. Lakini mazoea ya kazi hayaagi kirahisi. Aliomba arudishe nyuma kidogo, mahali ambapo Bi Siti anataja maneno mawili yanayofanana kama mapacha. Akasikiliza. Akarudisha tena. Maneno yalikuwa makubwa, lakini yalikuwa makubwa yote mawili kwa namna ileile, na nyuma yao kulikuwa na mvumo mwembamba, kama nzi ndani ya chupa. Alipojaribu kupunguza, kirungu kiligusika tu na sauti ikaporomoka yote.

"Naomba nijaribu na ile nyingine."

"Ile ni ya simu, Mwalimu," Feisal alisema kwa upole. "Haitazisukuma hizi."

"Naomba tu."

Mwanzoni ilielekea Feisal yuko sahihi: sauti ilikuwa hafifu vilevile. Kisha yeye mwenyewe akaona swichi ndogo ya kuongeza nguvu ubavuni, akaisogeza juu kwa ukucha.

Bi Siti hakupiga mlango teke safari hii. Alibisha hodi, akakaribia, akaketi. Nyuma yake palikuwa kimya, kimya cha chumba chenye watu wanaosikiliza. Na yale maneno mawili yakaachana: moja lilipita wazi, la pili lilikamatwa kidogo kooni, likashikiliwa, kisha likaachiwa. Marietha aliisikia pumzi iliyolitangulia. Aliusikia ulimi ukiachana na kaakaa.

"Hii," alisema.

Eustace alisikiliza ndogo, akasikiliza kubwa, akatikisa kichwa. "Mimi naona ile kubwa ina nguvu zaidi."

"Hata mimi," Feisal akaunga mkono. "Sauti ni zilezile, ila kubwa ina uhai. Mwalimu, usije ukajuta kesho."

Marietha aliwatazama wanaume wale wawili, waungwana wote, wenye nia njema. Asubuhi ya siku hiyo angeitikia kwa kichwa. Asubuhi ile sikio lake lilikuwa mshtakiwa, na mtu yeyote angeweza kulitolea ushahidi likahukumiwa. Sasa alihisi kitu kikinyooka ndani yake, taratibu, kama mche ulioondolewa jiwe.

"Sizo zilezile," alisema. "Kubwa inanipa sauti yake. Ndogo inanipa ya Bi Siti. Ninyi hamsikii tofauti, nami siwalaumu. Mimi naisikia."

Eustace akamgeukia Feisal.

"Ndugu yangu, funga hiyo ndogo. Huyu akisema amesikia, amesikia."

Wakiwa njiani kurudi Singe, upepo wa mlima Kwaraa ukivuma ubavuni mwa bajaji, Eustace alisema jambo likapotelea katika muungurumo wa injini.

"Umesemaje, Baba Clara? Sikusikia."

"Nimesema hao ng'ombe hawakula mbaazi. Niliwatunga."

Marietha alimpiga kofi la bega, wakacheka mpaka dereva akageuka kuwatazama.

Kazi ilikwenda vyema baada ya hapo. Marietha alirudia kurasa alizozijaza wakati wa hofu, akasahihisha bila kujionea aibu, na kamusi ikaendelea kunenepa. Palipobaki neno moja gumu ambalo hata amplifaya haikulifumbua, aliamua kwenda kumwuliza Bi Siti mwenyewe. Alitia mkobani hedifoni, kile kiboksi na simu aliyohamishia rekodi, akapanda bodaboda hadi Sigino.

Bi Siti alikuwa ameketi barazani akichambua maharage kwenye ungo. Hakuwahi kusikia sauti yake ikitoka nje ya mwili wake. Marietha alimvalisha hedifoni juu ya mtandio, akazirekebisha, akaongeza sauti kidogo kidogo. Mikono ya bibi ilisimama juu ya maharage.

"Nani huyu?" alipaza sauti, kama wafanyavyo wote waliozibwa masikio, hata jirani akachungulia.

"Ni wewe, Bibi. Unasimulia ulivyoposwa."

Bi Siti alisikiliza. Midomo yake ilifuata maneno, mara ikatangulia, mara ikakataa kufuata. Kisha akakunja uso.

"Mwongo mkubwa!" alisema. "Ati nililia! Sikulia hata tone. Nilikuwa nimejificha nyuma ya zizi nachungulia kama ana meno yote."

Na hapohapo, hedifoni zikiwa bado kichwani, akaanza kuisimulia upya, kwa sauti ya kufika hadi barabarani, akijibishana na yule mwanamke wa masikioni, akimkatiza, akimcheka, akimkubalia hapa na pale. Marietha aliingiza mkono mkobani kutafuta kinasa sauti, akakigusa, kisha akakiacha; hata lile neno gumu lingesubiri. Alivuta kigoda karibu, akaegemea nguzo ya baraza, na kusikiliza.