Ukurasa wa Pili Ndani ya Soksi

Mimi, Mheshimiwa Sana Mkuu wa Vituko wa Bweni la Tatu, nawatangazia walio hai na watakaozaliwa kwamba Jumatatu ile niliwasimamisha wanafunzi mia tatu, walimu kumi na mmoja na mpishi kwa karatasi moja tu. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, nikiwa nasugua vyoo kwa adhabu ya kituko kilichotangulia.

Shuleni kwetu kuna desturi. Katika ibada ya asubuhi, somo linaposomwa wote husimama, na haketi mtu mpaka mstari wa mwisho usomwe na sisi tujibu amina. Msomaji ni mwalimu wa dini, tuliyempachika jina la Polepole, maana hata chafya yake huja kwa awamu. Macho yake ni mabovu, kwa hiyo hunakili somo kwa mkono, herufi kubwa kama za bango, na kuliacha mimbarini tangu jioni.

Jumatatu ile somo lilikuwa shairi la kale la Waebrania, kurasa mbili. Nilipokuwa nafagia kanisa kabla ya ibada, niliuchukua ukurasa wa pili, nikaukunja mara nne, nikausokomeza ndani ya soksi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: bila mstari wa mwisho hakuna amina, na bila amina hakuna kuketi.

Polepole akasoma. Mtu analia kwa Mungu wala hajibiwi. Wapita njia wanamcheka. Ulimi wake umekauka, mifupa imemtoka, na yeye bado anaona watu wakigawana nguo zake. Kisha karatasi ikaisha. Polepole akaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe.

Tukabaki tumesimama. Tumbo la mtu likanguruma, na kicheko kikapita mstari wa nyuma. Nikajiuma shavu.

"Leo tutaota mizizi," nikamnong'oneza Kiberiti, rafiki yangu mwembamba mwenye kichwa kikubwa.

Hakucheka. "We, mwache. Binti yake anapasuliwa moyo asubuhi hii. Mpishi kaniambia."

"Acha uongo."

"Mwangalie basi."

Nikamwangalia. Alikuwa ameishika mimbari kwa mikono miwili, kama mtu aliye juu ya ngazi inayoyumba.

"Mwisho wake nilikuwa naujua," akasema. "Leo umenitoka."

Akapangusa miwani, akaivaa tena, isisaidie kitu.

"Aliyeandika haya alikuwa analia maumivu yake mwenyewe. Karne nyingi baadaye, Bwana wetu alipotundikwa msalabani, alikichukua kilio cha mwanzo cha shairi hili, akakilia yeye. Ndiyo maana sisi Wakristo tukilisoma tunamwona humu, kiu yake, nguo zake. Miaka yote nimewafundisha hivyo, halafu nakimbilia ukurasa wa pili, wenye wokovu." Akaigusa karatasi iliyo mbele yake. "Yeye hakukimbia. Alikaa kwenye ukurasa huu mpaka akakata roho. Kwa hiyo mtu akikwama hapa, hayuko peke yake."

Kimya cha kuogopa fimbo nakijua, tumekuzwa nacho. Hiki kilikuwa kingine. Kilikuwa kama kuingia chumba unachodhani kitupu, kisha mwili ukakwambia kwamba kuna aliyekutangulia. Nywele za shingo zilinisimama. Hata waliokuwa wanacheka waliinamisha vichwa.

"Nauhitaji huo mwisho," Polepole akasema, kwa sauti ndogo. "Aliye nao anisaidie."

Hapo nikajaribu kujificha nyuma ya Kiberiti, na karatasi ndani ya soksi ikaanza kukwaruza. Siku nyingine usingeisikia. Katika kimya kile ilisikika kama panya juu ya bati. Kiberiti akautazama mguu wangu. Mstari mzima ukautazama. Kisha Polepole, ambaye hata ubao haoni, akaelekeza uso wake kwangu.

"Njoo, mwanangu."

Nilitembea mpaka mbele, nikavua kiatu mbele ya shule nzima, nikaitoa karatasi.

"Ni mimi, mwalimu."

"Soma. Leo macho yangu hayafai."

Nikasoma. Kwamba Mungu hakumfichia uso yule aliyeteswa, alimsikia. Kwamba maskini watakula washibe. Kwamba hata wasiozaliwa bado watasimuliwa alichotenda. Sauti yangu ilikatika mara mbili, na kwa mara ya kwanza mbele za watu sikuwa naigiza. Amina ilipokuja, vioo vya madirisha vililia.

Na hakuketi mtu. Mia tatu, matumbo matupu, kifungua kinywa kinapoa, na hakuna aliyegusa benchi.

Polepole akauchukua ukurasa ule wenye jasho la mguu wangu, akaukunja kwa mikunjo yangu mwenyewe, akautia mfuko wa shati. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa linamngoja nje.

"Ulitaka nini hasa?" akaniuliza.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari kinywani. Ukatoka ukweli.

"Nilitaka kuona tutasimama mpaka lini."

Akaniwekea mkono kichwani, mzito.

"Hata mimi," akasema, akatoka.