Mstari Ulionyooka Mno

Ugomvi ulianzia kwenye spika mbili za kwaya. Moja ilipasuka, Fundi Redio akaitengeneza na kuirudisha kwa madaha. Mkewe, kiongozi wa kwaya, aliisikiliza kidogo tu akasema ina mafua. Harusini Jumamosi hataimbia spika inayohitaji leso. Atakodi za fundi mwingine.

Fundi mwingine! Neno hilo lilimkata maini. Hakuhitimu darasa la jioni la kompyuta bure. Alipiga noti ileile kwenye kila spika, akairekodi, akaigeuza sauti kuwa namba: mawimbi ya spika nzima kwenye safu ya A ya jedwali la kompyuta, ya ile aliyoitengeneza kwenye B. Safu ya C ingetoa B kutoka A, na tofauti ingechorwa grafu. Spika zikifanana, hakibaki kitu.

Na kweli hakikubaki kitu. Mstari ulilala katikati ya skrini, umenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Akamwita mkewe, akamwita na shemeji yake kinyozi awe shahidi, akawaeleza kwa kituo kwamba sikio lina upendeleo, hesabu haina.

Mkewe aliomba jambo moja dogo: safari hii A iwe sauti yake akiimba, na B iwe kaka yake akikohoa. Kinyozi alikohoa kwa moyo wote. Namba mpya zikaingia. Mstari haukutikisika.

"Baba," mkewe akasema taratibu, "kwa hiyo mimi na kikohozi cha kaka ni kitu kimoja?"

"Shemeji, mazoezi ya kwaya ni saa ngapi?" kinyozi akadakia.

Fundi alivaa miwani, akaisoma fomula yake. A kutoa A.

Akasahihisha herufi moja, akarudisha namba za spika. Mstari ukaruka juu na chini kama mbuzi aliyekata kamba. Akachukua bisibisi. Ndani ya spika, gundi yake mwenyewe ilikuwa imeganda bonge zima. Akaikwangua, akapaka nyingine kwa mkono mwepesi, akaiacha ikauke, akapima tena.

Mstari ulitulia, ila ulibaki na vijiwimbi. Fundi akavionyesha kwa kidole, kichwa kimeinama.

Mkewe alifumba macho, akasikiliza.

"Mafua yamekwisha," akasema. "Hivyo viache. Hata sisi wawili hatujawahi kunyooka hivyo. Jumamosi utazibeba mwenyewe, fundi mwingine simtaki."